Afisa Utamaduni Asiye na Ofisi

Afisa hakujua kucheza. Nalisema hili mapema kwa sababu kila ninapowasimulia watu kwamba Tukuyu kulikuwa na mtu aliyewafundisha vijana kueleza shida zao kwa ngoma, wao humwona kichwani mtu mwembamba, mwenye miguu isiyotulia. Afisa alikuwa na tumbo. Goti lake la kushoto halikukunjika vizuri, na kwenye harusi alikaa karibu na masufuria akisubiri chakula. Ukimvuta mkono aje uwanjani alikuambia, "Niache. Kocha hafungi magoli."

Cheo chake kamili kilikuwa Afisa Utamaduni, na nilipomfahamu mimi hakuwa nacho tena. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara ilipofunguliwa na serikali ikaanza kupunguza wafanyakazi. Idara yake ilipunguzwa mapema, maana nani angeandamana kudai utamaduni? Akakabidhi ufunguo wa ofisi, akabaki na suti zake mbili za safari, moja ya kijivu na moja ya rangi ya udongo, na akaendelea kutoka nyumbani kila asubuhi kama mtu anayesubiriwa mahali. Vijana waliouza mitumba pale Msasani, mtaa wetu wa Tukuyu, walimtania.

"Shikamoo Afisa. Unakwenda wapi na ofisi wameshaichukua?"

"Marahaba. Wamechukua meza na kiti. Kazi nimeondoka nayo."

Walicheka, na yeye akacheka nao. Wengine wakamfuata kwenda kuona hiyo kazi ni ipi. Mimi nilikuwa mmoja wao. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, matokeo yangu hayakunipeleka popote, na baba yangu alikuwa ameniandalia jembe.

Kazi ilifanyikia katika ghala la ushirika. Ushirika wenyewe ulikuwa umelala, ghala likabaki tupu, lakini ukikanyaga kwa nguvu bado vumbi la kahawa lilipanda kutoka kwenye nyufa za sakafu. Mvua ya Tukuyu haiulizi una shughuli gani, na ghala lilikuwa na bati. Afisa aliongea na mlinzi, mlinzi akaongea na nafsi yake, mlango ukafunguliwa.

Ukifika mara ya kwanza alikukimbiza kutoka ukuta huu mpaka ule hadi ulowe jasho. Hakukuuliza jina. Ukishachoka kabisa ndipo anakuuliza, kwa sauti ya mganga wa zahanati, "Ukilifikiria hilo jambo lako, mwili unauma wapi?"

"Jambo lipi, Afisa?"

"Mimi nitajuaje? Wewe ndiye umekuja nalo."

Mmoja alisema tumbo. Mwingine shingo. Msichana mmoja alisema nyayo, na hakuna aliyemcheka. "Haya," Afisa alisema, "anza na nyayo." Ngoma yote ilianzia hapo, kwenye mahali panapouma, ikatoka nje kidogo kidogo mpaka ikawa hatua ambayo wenzako wangeweza kuishika na kuirudia pamoja nawe.

Alichotukataza ni kumweleza. Ukianza, "Afisa, unajua nyumbani baba yangu...", aliziba masikio kwa vidole kama mtoto. "Ukinieleza nitakuonea huruma," alisema, "na mimi nikishaona huruma sifundishi tena, naanza kutoa ushauri. Ushauri wangu ni mbaya sana. Muulize mke wangu."

Mtu asiyetoka kwetu anaweza kuona huo ni utani tu. Lakini Rungwe yetu ya wakati ule ilikuwa na mambo mengi ambayo mdomo haukuruhusiwa. Kijana hakumjibu baba yake. Mwanamke aliyeolewa hakuzungumza na baba mkwe wake, wala hakumtazama. Akimwona njiani aliingia migombani, akajifunika kanga kichwani, akangoja apite. Mzee naye alifanya upande wake: akikaribia nyumba ya mwanawe alikohoa tangu mbali, ili mkwe apate nafasi ya kujificha. Ilikuwa heshima, na wengi waliipenda. Ila ukiwa na neno na mtu wa namna hiyo, ulikuwa huna njia ya kulipitisha. Afisa aliliona hilo kuliko wazee wote niliowahi kukaa nao. Alituambia, "Mdomo wamewawekea mlango. Mabega hawajayakumbuka."

Kulikuwa na kijana aliyeitwa Ambakisye, mchuma chai katika shamba kubwa. Alichuma tangu akiwa mdogo, na vidole vyake vilikuwa havijui kupumzika. Alipoulizwa anaumwa wapi alisema haumwi. Afisa akamwambia akae chini ale ugali, na sisi tukae tumtazame. Ambakisye akala kwa mkono wa kulia, na mkono wa kushoto, pale juu ya paja, ukaendelea kuchuma: vidole viwili na dole gumba, jani na jani, kutupa nyuma ya bega. Tulicheka mpaka tukashika mbavu. Kisha mmoja akaacha kucheka, halafu wote. Ambakisye alikuwa akiutazama mkono wake kama mkono wa mtu mwingine.

"Hiyo ndiyo ngoma yako," Afisa alisema. "Maliza ugali, inapoa."

Na mimi? Niliunda kipande nilichokiona kikubwa. Nilisimama barabarani, basi linakuja, nanyoosha mkono, basi linapita, nakimbia, nanyoosha tena. Niliamini ghala lote litalia. Afisa alitazama mpaka mwisho, akapangusa pua. "Wewe huna shida," alisema. "Una haraka." Niliudhika, nikamnunia. Tangu hapo nimeishi Tunduma, Makambako, Ifakara, Dar es Salaam na tena Tunduma. Nimekuwa utingo, muuza viatu, msimamizi wa mashine ya kukoboa. Kila ninapofunga begi namsikia akipangusa pua.

Alikuwa na vituko vyake. Alituadhibu kwa kuchelewa na yeye mwenyewe alichelewa, akisema afisa akifika mapema watu watadhani hana mambo. Mdomo alitufunga sisi ghalani, lakini njiani kurudi nyumbani hakuna aliyepata nafasi ya kusema mbele yake. Disko aliita kutikisa nguo, na wacheza disko aliwaita kamba za kuanikia. Siku moja Ambakisye na mimi tukamkuta nyuma ya kibanda cha video. Alikuwa ameegemea ukuta kana kwamba anapumzika, jicho moja kwenye tundu la ubao, na ndani walikuwa wakionyesha wacheza muziki wa ng'ambo. Vidole vyake vilikuwa vikirudia hatua zao juu ya paja la suti ya kijivu, bila kukosea.

"Shikamoo Afisa," Ambakisye alisema.

Hakushtuka. "Marahaba. Nachunguza adui."

Sasa nimseme Mama Tusekile, kwa sababu bila yeye Afisa angebaki kichekesho cha Msasani.

Alikuwa amepita kidogo umri wetu, ameolewa upande wa Kisiba, ana mtoto mmoja, huyo Tusekile. Mume wake alivuka mpaka kwenda Malawi na vitenge vya kuuza, akawa harudi na hatumi neno. Mama Tusekile aliishi kwa kipande cha migomba ambacho baba mkwe alikuwa amewagawia walipooana, kilichoshuka kutoka nyuma ya nyumba hadi ukingo wa bonde. Zamani kipande kama hicho kilikuwa chakula tu, jambo la wanawake, na hakuna mwanaume aliyekipigia hesabu. Lakini malori yalikuwa yameanza kufika. Yalitoka Mbeya, mengine Dar es Salaam, yakanunua ndizi hapohapo barabarani, na ghafla kila mwanaume akajua ana migomba. Shemeji yake, mdogo wa mume, akamwomba baba yake kipande kile. Mzee hakukataa. Msimu ule shemeji alianza kukata mikungu na kuipeleka kwenye malori, na Mama Tusekile akawa anafika shambani anakuta mashina.

Angemwambia nani? Mume hayupo. Baba mkwe haongeleki. Alipita Msasani siku ya soko, akasikia vishindo ghalani, akachungulia. Afisa akamwambia aingie akimbie. Alikimbia na kanga yake kiunoni, huku mtoto akichezea vumbi pembeni.

"Unaumwa wapi?"

"Kichwani. Juu kabisa."

"Ndani?"

"Hapana, Afisa. Hapa mkungu unapokaa."

Akaanza hapo. Kwa muda mrefu alitembea tu, shingo imenyooka, mzigo usioonekana kichwani, akishuka bonde lisilokuwepo. Alikuwa akiteleza na kujishika kwa namna ambayo hakuna mtu wa ghalani aliyeweza kuiiga. Halafu anafika, anainua panga, anakata, na mikono inarudi mitupu. Anakata tena. Anajitwika hewa, anapanda mlima nayo. Mwendo ulikuwa uleule wa mzigo mzito, na hilo ndilo lililotuchoma.

Kijiji cha akina Mama Tusekile kilikuwa kinafungua darasa jipya la shule ya msingi, na mwalimu mkuu akamwomba Afisa alete vijana watumbuize. Baba mkwe alikuwa amegombana na kamati ya shule juu ya mbao, kila mtu alijua hatakuja. Hapo ndipo tulipokosea. Mzee wa kwetu akigombana na kamati anaweza kukaa nyumbani siku ya mkutano, lakini siku ya chakula anakuja, ili watu wasiseme amesusa.

Ambakisye alishamaliza na watu walikuwa wamefurahi. Mama Tusekile alikuwa ametembea hadi katikati ya uwanja, kanga iliyoviringishwa ikiwa mgongoni mwake kama mtoto, tuliposikia mtu akikohoa nyuma ya umati. Watu wakampisha. Mzee akafika mbele, kwenye benchi la wazee, na hakuwa na namna ya kujua ni nani aliyekuwa uwanjani mpaka alipokuwa ameshasimama hapo.

Uwanja mzima ulingoja akimbie. Wanawake wengine walikuwa tayari wamefungua nafasi apite. Mimi nilikuwa kwenye ngoma ndogo, nikamtazama Afisa nijue kama niache. Afisa alikuwa na vijiti viwili anavyopigia mapigo, na hakuacha. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu, lakini mikono haikuacha.

Mama Tusekile hakukimbia. Aligeuka, akampa mkwe wake mgongo, akavuta kanga ya kichwani ikafika mashavuni, na akaendelea. Na mzee, kwa heshima ileile, akageuka naye, akatazama mlima. Wakawa hivyo: mkwe amempa mzee mgongo, mzee amempa mkwe mgongo, na kijiji kizima katikati kikitazama. Hakuna aliyevunja mwiko wowote.

Kando ya mzee alikuwa amekaa jirani yake, mtu wa rika lake, ambaye walichunga ng'ombe pamoja utotoni. Nilikuwa karibu nao, nikasikia.

"Anafanya nini huyo?" mzee aliuliza, macho kwenye mlima.

"Amejitwika mkungu."

"Mkubwa?"

"Mkubwa. Anashuka bondeni."

"Bonde gani?"

"Lako. Anateleza palepale unapoteleza wewe."

Watu wa karibu walicheka kidogo. Mzee hakucheka. "Ameanguka?"

"Hajaanguka. Ana mtoto mgongoni. Mtoto anatutazama sisi."

"Sema mengine."

"Anakata. Hakuna kitu. Anakata tena, hakuna." Jirani akanyoosha shingo aone. "Sasa anapanda. Amebeba, mwenzangu, lakini hakuna alichobeba."

"Kwa nini hakuna?"

"Hilo unaniuliza mimi?"

Vijiti vya Afisa viliendelea mpaka Mama Tusekile alipofika juu, akatua mzigo wake wa hewa kwa uangalifu mkubwa, kama mtu anayeogopa kuponda ndizi, na akatoka uwanjani upande wa pili. Hakuna aliyepiga makofi. Mzee akainama, akamwambia jirani yake neno moja mawili ambayo sikuyasikia, akakohoa na kuondoka bila kugeuka. Hata chakula hakula.

Baada ya siku chache alimtuma dada yake. Yule shangazi alifika kwa Mama Tusekile na kumwambia, migomba ni yako, na shemeji asiikanyage. Kisha akafika Msasani na ujumbe wa pili kwa Afisa: asiweke mguu wake kwenye ardhi ya mzee huyo maisha yake yote.

"Mwambie ndaga fijo, asante sana," Afisa alisema. "Kwa yote mawili."

Tulimuuliza mara nyingi kama alijua mzee angekuja. Ambakisye alimwambia ndiyo, alipanga, alimwona tangu njiani. Mimi aliniambia karibu azimie, na kwamba aliendelea kupiga vijiti kwa sababu mikono ilikuwa imekataa amri. Nadhani majibu yote mawili aliyaamini alipokuwa akiyatoa.

Ghala lilikodishwa kwa mfanyabiashara wa bia, nasi tukahamia chini ya upenu wa shule, kisha kila mtu akashika njia yake. Afisa hakulalamika. Alisema kikundi kinachodumu sana kinaanza kutafuta katibu. Kila nilipopita Tukuyu nilimkuta na vijana wengine, wachache, mara ghalani kwa mtu, mara uwanjani, akiwauliza wanaumwa wapi.

Mara ya mwisho nilimkuta stendi, ameshika fimbo, suti imekuwa kubwa kumliko. Nilikuwa nimetoka Tunduma asubuhi ile. Hakunisalimu sana.

"Gwe, wewe, umefika vizuri. Twende Kisiba. Mzee amekufa."

"Mzee yupi?"

"Aliyenikataza."

"Si alisema usikanyage kwake?"

"Alinikataza mimi. Msiba hakuukataza. Hakuna mtu kwetu anayeweza kukataza msiba."

Tukaenda. Tulikuta wameshamzika, watu wamekaa chini ya turubai na migombani, sufuria za mbalaga, ndizi za kupika, zinatoa mvuke. Mama Tusekile alikuwa na mvi sasa. Binti yake, Tusekile mwenyewe, alikuwa amekuja kutoka hospitali ya Igogwe anakofanya kazi, mrefu, miwani usoni. Alituletea maji ya kunawa, akamwita Afisa babu, na Afisa akapokea neno hilo kama mshahara.

Wakati wa kikao cha ukoo shemeji alisimama. Naye alikuwa mzee sasa. Alisema baba ameondoka, na vitu vyake vigawiwe upya, na kwamba kipande kile cha bondeni hakuna aliyesikia baba akikitoa kwa kinywa chake. Shangazi aliyeleta ujumbe alikuwa amekufa siku nyingi. Mume alikuwa hajarudi kamwe. Nilimwona Tusekile akimshika mama yake mkono.

Mama Tusekile akasimama. Hakucheza. Alisema kwa mdomo, taratibu, kwa Kinyakyusa, kwamba amelima pale tangu ujana wake, amemsomesha mtoto pale, na mzee alijua.

"Alijua," shemeji alisema, "lakini nani alimsikia?"

Ndipo kutoka kwenye benchi la ukutani jirani alianza kuinuka, yule wa rika la marehemu. Wajukuu wawili walimshika kwapani. Akawasukuma.

"Mimi nilimsikia," alisema. "Aliinama sikioni kwangu akasema, migomba ibaki kwake. Siku ya darasa."

"Tata, baba, hiyo ni zamani," shemeji alisema. "Alisema kwa sababu gani?"

Jirani alifungua mdomo aeleze. Maneno hayakumjia. Alijaribu tena, akatikisa kichwa, kisha akanyoosha shingo, akapandisha mikono yake miwili mpaka juu ya kichwa, akashika kitu kizito ambacho hakikuwepo. Akaanza kushuka. Pale chini ya turubai, katikati ya waombolezaji, mzee wa miaka ile alishuka bonde, akateleza, akajishika. Akainua panga. Akakata, mikono ikarudi mitupu. Wanawake wenye umri walianza kuguna kwa pamoja, kila hatua, kwa sababu walikuwa wanajua inayofuata. Mwanamke mmoja akasema, "Tuliona." Mwingine akasema, "Na mimi niliona." Ikaenda hivyo kuzunguka turubai, mpaka shemeji akakaa chini bila kuambiwa, na mwenyekiti wa kikao akauliza kuhusu ng'ombe wa marehemu.

Nilimgeukia Afisa. Alikuwa ameweka sahani chini. Alimtazama jirani akirudishwa kwenye benchi na wajukuu wake, akihema, akipanguswa uso, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu alikuwa hana la kukosoa.

"Huyo," aliniambia kwa sauti ya chini, "sikumfundisha mimi."